Paa Jeupe la Uulkan

Kwa miaka kumi na tisa Uulkan aliipasha moto shule nzima ya Ak-Jar, na kwa miaka yote hiyo nyumba yake mwenyewe ilikuwa baridi kiasi kwamba kitambaa cha kufutia vyombo kilikakamaa dirishani kama ubao. Alikuwa akilisimulia jambo hilo kwa kicheko. Watoto wa darasa la tatu walikaa na vishati vyepesi kwa sababu ya beleshi lake, naye akirudi kwake analala na koti.

Alikuwa mchochea tanuri. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, Emil, mpaka farasi alipoteleza naye kwenye barafu ya mto, Emil akafa, na shule ikabaki bila mtu wa kutupa makaa ya mawe katikati ya Januari. Siku arobaini za msiba hazijatimia, Uulkan alikwenda pale, akavua hereni zake akazitia mfukoni, akashika beleshi. Mwalimu mkuu alimwambia ni kwa wiki moja tu, mpaka apatikane mwanamume. Mpaka leo mwanamume huyo hajapatikana, wala hakuna anayemtafuta. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, na kope za jicho lake la kushoto zilikuwa fupi kuliko za kulia, maana ndilo jicho alilozoea kuchungulia nalo kwenye mlango wa tanuri.

Nyumba aliyoishi ilijengwa na baba mkwe wake kwa matofali ya udongo, kuta nene, dari ya mbao na mabati juu. Ilikula makaa bila huruma. Kila Oktoba fahali mmoja alipelekwa mnadani ili yaje makaa, na Uulkan alisema hajaona nyumba yenye njaa namna ile, inayomeza ng'ombe mzima bila hata chumvi. Asubuhi anawasha kwa samadi kavu, anajaza makaa mpaka jiko linakuwa jekundu mashavuni, na ikifika saa sita mchana anajaza tena. Ukikaa karibu na jiko unaungua magoti. Ukisogea hatua nne, mgongo unaganda.

Hatua nne kutoka kwenye jiko hilo ndipo alipolala mama mkwe wake, Bubukan. Uulkan alimwita apa, mama, tangu siku alipoingia nyumba ile akiwa bibi harusi wa miaka ishirini na mmoja, na sasa alikuwa na hamsini na mitatu. Bibi mwenyewe alikuwa na themanini na mitatu. Walishagombana kuhusu chumvi, kuhusu maziwa na kuhusu kila shati la Emil, na walimzika Emil wakiwa wameshikana mikono. Binti pekee wa Uulkan aliolewa mbali. Kwa hiyo walibaki wawili, na mmoja akichelewa kurudi mwenzake husimama getini.

Msimu wa baridi uliopita kifua cha Bubukan kilimtesa vibaya. Mara mbili muuguzi aliitwa, na mara ya pili bibi alipelekwa hospitali akiwa amefungwa mablanketi kama furushi. Mwezi wa Mei mwanawe mdogo, Melis, alikuja kutoka mji mkuu, Bishkek. Ni mtu mpole, mwenye nyumba ghorofa ya tano, ambako joto huja lenyewe kwa mabomba. Alikaa siku mbili akizunguka, akigusa kuta, akipitisha kiganja kwenye nyufa za madirisha. Siku ya kuondoka alimvuta Uulkan pembeni ya zizi.

"Shemeji, sikulaumu," alisema. "Lakini mapafu ya apa hayajui kwamba wewe ni mtu mzuri."

Akamweleza alivyokata shauri. Atarudi katikati ya Januari, baridi ikiwa imefika kwenye mfupa, na atakuja na kipimajoto. Kikisoma chini ya nyuzi kumi na nane pale anapolala mama yake, atamchukua, na hatamrudisha tena. Uulkan akakubali, maana angesema nini?

Bubukan alikuwa nyuma ya mlango wa zizi na maziwa yake, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Alingoja gari lililomchukua Melis lipotee ndipo akasema. Alishawahi kukaa msimu mmoja kule ghorofani. Watu wanapishana ngazini bila salamu, na yeye alikaa dirishani miezi minne akitazama mapaa ya magari.

"Akinipeleka tena, nitarudi nimelala chali," alisema. "Wewe si ndiye bingwa wa moto? Basi."

Maneno hayo yalimwingia Uulkan. Usiombe kukabidhiwa uhai wa mtu kwa sababu ya sifa zako za kazini. Majira yote ya joto alihangaika: alibandika karatasi za nailoni kwenye madirisha, akaziba nyufa kwa udongo na manyoya ya mbuzi, akapigilia zulia kuukuu mlangoni. Aliagiza makaa zaidi ya kawaida. Zilipofika siku za kwanza za Oktoba aliwasha jiko kwa majaribio, akaazima kipimajoto cha shule, akakitundika juu ya matandiko ya Bubukan. Kilipanda mpaka kumi na tatu kikagoma.

Hapa lazima niseme jambo la aibu kidogo kuhusu sisi watu wa Ak-Jar. Theluji ya kwanza ikianguka, asubuhi kila mtu hutoka nje kutazama mapaa ya wenzake. Paa likiyeyusha theluji likawa jeusi kabla ya saa nne, tunasema hapo kuna moto, hapo kuna watu. Paa likibaki jeupe mpaka mchana, tunasikitika au tunacheka: hiyo ni nyumba ya mtu aliyeachwa na watoto, au ya bahili anayelamba makaa badala ya kuyachoma. Hata wanaokwenda kuposa hutazama paa kwanza. Paa la Uulkan lilikuwa la kwanza kuwa jeusi kila mwaka, naye alitembea nalo kijijini kama mtu aliyeshinda mbio za farasi.

Paa jeupe kuliko yote lilikuwa la jirani yake, mzee Kasym, mgane wa rika la Bubukan. Kwa miaka miwili theluji ilikaa juu ya nyumba yake mpaka jua la adhuhuri, na sisi tukampa jina la Kasym Mchoyo. Hakujitetea, tukaona ndiyo ishara.

Theluji ya kwanza mwaka ule ilianguka mapema, na Uulkan, akitoka zamu yake, alipita kwa Kasym kumrudishia kamba. Alitaka kuiacha mlangoni. Lakini kwetu hakuna anayefika kizingitini akaondoka bila kumega mkate, hata awe ana haraka ya kuzima moto, kwa hiyo aliingia amege kipande kimoja atoke. Akamega. Akatafuna. Akahisi jasho juu ya mdomo.

Alivua kitambaa cha kichwa, kisha koti, kisha kizibao. Kama mtu wa tanuri, aliudhika. Aligusa jiko la Kasym, akalikuta vuguvugu tu. Alitazama ndoo: makaa nusu, na mzee akaapa hayo ni ya siku nzima. Uulkan akamwuliza kwa ukali jiko lake la pili amelificha wapi.

Kasym alitazama dirishani kwanza kana kwamba kijiji kizima kimesimama pale kikisikiliza. Akanong'ona. Banda lake la nyasi lilianguka miaka miwili iliyopita, na kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kujenga jingine, nyasi za ng'ombe amezipandisha darini, zimejaa mpaka kwenye mabati. Hakutaka watu wajue kwamba analala chini ya chakula cha ng'ombe. Aliona afadhali kuitwa mchoyo. Kisha akaongeza, kama mtu anayelalamika, kwamba ng'ombe wakishazila, kufikia Machi nyumba yake inakuwa baridi na paa linakuwa jeusi kama la watu wengine.

Uulkan alitoka nje bila kufunga vifungo vya koti. Alilitazama paa la Kasym, jeupe. Akalitazama la kwake, ng'ambo ya ua, jeusi, linafuka mvuke kama sufuria. Juu kabisa, karibu na dohani, kunguru alikuwa amekaa ameinamisha shingo, miguu yake imetulia kwenye bati kana kwamba yuko kwao.

"Miaka kumi na tisa," Uulkan alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Fahali kumi na tisa. Nimekuwa nikiwapasha miguu kunguru."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikakatika, maana alimkumbuka Emil, aliyekuwa akipanda kila mwaka kuikandika dari kwa udongo, akijivunia paa lake kama yeye, na hakuna kati yao aliyewaza kuuliza joto lile linakwenda wapi.

Nyasi za ziada hakuwa nazo. Mvua zilikuwa haba na kilichokuwepo hakikumtosha hata ng'ombe wake. Alichokuwa nacho, bure na kwa wingi, ni vibonge vya makaa yaliyoungua vilivyorundikwa nyuma ya tanuri la shule. Vina matundu kama mkate ulioumuka, na alijua vinashika joto. Mwalimu mkuu alifurahi kuliona rundo likipungua. Uulkan alisomba kwa mkokoteni, akapandisha gunia baada ya gunia darini, akamwaga na kusawazisha. Kwenye gunia la saba ubao ulilia, ukapinda, na vibonge na masizi vikashuka juu ya meza, vikaingia kwenye siagi, vikaingia kwenye bakuli la chai la Bubukan.

Bibi alitoa kibonge kimoja kwa vidole viwili, akakigeuza.

"Siku hizi chai tunakunywa na hiki?" aliuliza.

Uulkan alishusha magunia yote saba siku hiyohiyo. Dari ile ilitaka kitu chepesi, kinene na kikavu. Alikuwa anakijua kitu hicho. Alikuwa anakijua tangu alipokuwa amesimama kwenye ua wa Kasym, ila alikuwa akijifanya hamnazo.

Kwenye stoo, juu ya kichanja ambacho panya hawakifiki, kulikuwa na sufu ya hema la duara la ukoo: vipande saba vya sufu ya kondoo iliyoshindiliwa, vinene kama kiganja. Fito za hema zilisimama pembeni zimefungwa kamba. Hema lile halikwenda tena malishoni. Lilibaki na kazi moja. Mtu wa nyumba hii akifa, hema husimamishwa uani, marehemu hulazwa humo, na wanawake huketi ndani wakimlilia kabla hajapelekwa kaburini. Emil alilazwa humo. Kila kiangazi Bubukan aliitoa sufu juani, akaikung'uta, akainyunyizia pakanga nondo wasiikaribie, na kumkumbusha Uulkan kipande kipi kinakaa upande gani. Alikuwa anatunza nyumba yake ya mwisho, na wote wawili walilijua hilo bila kulisema.

Uulkan alikaa na jambo hilo wiki mbili. Halafu Alhamisi moja, siku ya kukaanga maandazi ili harufu ya mafuta iwafikie marehemu wetu, alipiga moyo konde mbele ya sufuria.

"Apa, ile sufu ya hema. Nataka niilaze darini."

Bubukan hakugeuka. "Ya hema alilolazwa Emil?"

"Hiyo hiyo. Tutakuwa na joto, apa. Melis hatakuwa na la kusema."

"Na mimi mtanilaza wapi?"

"Siku hiyo tutaishusha. Nakuapia."

"Unanivua nguo kabla sijafa," alisema Bubukan.

Alinyamaza siku tatu. Mbaya zaidi, alijimiminia chai mwenyewe. Kwetu mkazamwana ndiye anayemimina chai, na mama mkwe akiichukua birika kwa mkono wake mbele yake, hakuna tusi linalozidi hilo. Kila bakuli lililojaa lilimchoma Uulkan, naye akafyata ulimi. Habari zikatoka nje, sijui kwa mlango gani, na wanawake kwenye bomba la maji wakaanza kusema kwamba nyumba iliyovishwa sufu ya msiba inaita msiba. Mmoja alimwuliza Uulkan usoni kama amechoka kumtunza mkongwe. Uulkan alijaza ndoo zake akaondoka, na njiani alilia, si kwa sababu ya yule mwanamke bali kwa sababu Novemba ilikuwa imeisha nusu na kipimajoto bado kilikuwa kumi na tatu. Bibi alikuwa ameanza kukohoa.

Alikwenda kwa Kasym kumwomba msaada. Mzee alimwapisha kwanza kwamba hakuna atakayecheka nyasi zake. Kesho yake mchana akaja mwenyewe, amevaa kofia yake ya sherehe, akasimama mlangoni.

"Bubukan, bado hujafa?"

"Nakungoja wewe utangulie," alijibu bibi. "Nataka kula nyama ya yule farasi wako mkonde siku ya matanga."

"Basi njoo unywe chai kwangu umwone alivyonenepa."

Wa rika moja hutaniana hivyo hata kaburini, na utani wa namna hiyo haukataliwi. Bubukan alivaa viatu vyake vya sufu, akamshika Uulkan mkono bila kumtazama, wakavuka ua. Kasym alimketisha mahali pa heshima, mbali na mlango, na mbali na jiko pia. Uulkan akamimina chai, na bibi akaipokea kwa kuwa wako ugenini. Uulkan alikuwa amezoea kusikia kikohozi chake kila baada ya maneno manne matano. Alisubiri. Bakuli la kwanza likaisha, la pili likaisha. Bubukan alilegeza kitambaa shingoni, kisha akavua kizibao chake cha mahameli akakikunja mapajani. Kwenye bakuli la tatu ndipo Uulkan alipotambua kwamba kikohozi hakijaja hata mara moja, ikabidi ageuze uso.

Bibi alitazama juu kwenye dari. "Ni nini hiki?"

"Nyasi," alisema Kasym, akiwa mwekundu masikioni.

"Nyasi tu?"

"Nyasi tupu. Na wala si nzuri. Zina miiba."

Bubukan alirudi naye mpaka katikati ya ua wao. Pale alisimama kuvuta pumzi.

"Nyasi za Kasym," alisema. "Zenye miiba. Unajua sufu yangu ilishindiliwa na wanawake kumi na wawili, siku nne? Tuliiviringisha kwa mikono mpaka ngozi ikatoka kwenye viwiko. Ukiimwagia maji hayaingii."

"Najua, apa."

"Sasa unasimama nini? Kalete ngazi."

Alitoa masharti yake akiwa amesimama chini ya ngazi na fimbo. Kisu kisiguse sufu, msumari usiguse sufu. Upande laini uangalie chini, waliko watu, kama ulivyokaa hemani. Na siku yake ikifika, hata ikiwa baridi ya kupasua mawe, ishushwe yote asimamishiwe hema. Uulkan aliapa kwa kila sharti. Kasym alipokea vipande kutoka stoo, akahema, akasaidiwa na vijana wawili wa mtaa, na Uulkan akiwa darini alivikokota na kuvitandaza.

Kilichomtia hofu ni dohani. Mtu wa tanuri haweki sufu karibu na bomba la moto, na bila kukata angeliepukaje? Alipiga kelele chini kwamba hapo lazima kisu.

"Kisu cha nini?" bibi alijibu. "Leta zile mbili kubwa za juu. Hazina shingo?"

Zilikuwa nazo. Vipande viwili vya paa la hema hukatwa nusu duara upande wa juu, ili kuacha wazi tundu la moshi. Uulkan aliviweka uso kwa uso, na dohani likasimama katikati ya duara na nafasi ya dhiraa nzima pande zote, akaijaza nafasi hiyo udongo na jivu. Alikaa juu ya magoti yake darini akaishangaa kazi ile. Wanawake waliokufa zamani walikuwa wamekata sufu kwa ajili ya moto wa hema, na leo ililizunguka dohani la matofali kana kwamba walilipima.

Kipande cha saba, kile cha mraba cha kufunika tundu la juu, Bubukan alikizuia. Alikikunja akakiweka chini ya magodoro yake yaliyopangwa. Hicho ni changu, alisema, na Uulkan hakubisha.

Desemba iliingia. Kipimajoto kilipanda kumi na sita, kikafika kumi na saba, kikasimama pale siku baada ya siku kama ng'ombe mkaidi, wakati jiko lilikuwa likila nusu tu ya makaa ya mwaka jana. Uulkan hakutaka kujaza zaidi. Alitaka ajue joto linatorokea wapi. Alizunguka akiwa na unyoya wa kuku mkononi, akiushika mbele ya kila pembe, mpaka alipofika chini ya mlango mdogo wa kupandia darini. Unyoya ulicheza. Aliinua macho akaona ukungu wa barafu umejipanga kuzunguka ubao ule.

Bubukan alikuwa anamtazama kutoka kwenye matandiko yake. Aliuliza tundu lile lina upana gani. Uulkan akamwonyesha kwa mikono. Bibi akainama, akavuta kutoka chini ya magodoro kile kipande cha mraba, akampa.

"Kazi yake ni kufunika tundu," alisema. "Kifunike tundu."

Usiku wa mwisho wa mwaka kipimajoto kilikuwa ishirini. Lakini paa, mabibi na mabwana, lilikuwa jeupe. Theluji ilianguka na kukaa, ikaanguka tena juu yake ikakaa, na kufikia Januari nyumba ya Uulkan ilikuwa na theluji ya kufika magotini, katikati ya safu nzima ya mapaa meusi. Watu walipita wakishusha sauti. Mwanamke mmoja alileta ndoo ya makaa, akaiweka mlangoni kwa huruma. Uulkan, aliyekuwa mshindi wa paa jeusi miaka yote, aliona haya kweli kweli, sitaficha. Aliipokea ile ndoo akashukuru.

Melis alifika siku aliyosema, adhuhuri. Aliteremka kwenye basi barabara kuu, akaanza kushuka na mkoba wake, na kutoka kilimani akaliona paa la mama yake. Ni mtoto wa Ak-Jar, hata kama anaishi ghorofani. Kwake paa jeupe maana yake ni jiko lililozimika, na jiko lililozimika katikati ya Januari lina maana moja. Waliomwona wanasema alitupa mkoba akakimbia, akaanguka mara mbili, na kofia aliiacha pale alipoangukia mara ya kwanza.

Alisukuma mlango akaingia na viatu vyake vyenye theluji mpaka katikati ya zulia.

Mama yake alikuwa ameketi na gauni tu, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko, anasokota uzi. Uulkan alikuwa anamimina chai.

"Viatu," alisema Bubukan.

Melis alirudi mlangoni. Akavua viatu. Akavua koti. Akakaa. Baada ya muda akavua sweta, na hapo ndipo alipoanza kutazama huku na huku kama Uulkan alivyotazama kwa Kasym. Mkoba ulipoletwa na jirani, alitoa kipimajoto chake mwenyewe, kipya, akakiweka juu ya matandiko ya mama yake, akangoja kama daktari. Kikasoma ishirini na moja. Akaenda kutazama ndoo ya makaa. Akarudi akamtazama shemeji yake.

Uulkan alimsimulia yote: Kasym, kunguru, vibonge kwenye siagi, shingo za sufu. Melis aliposikia ni sufu ipi iliyo darini, uso ulimbadilika. Alimgeukia mama yake, akauliza taratibu, kwa aibu ya mtoto anayetamka jambo lisilotamkika, kwamba sasa itakuwaje Mungu akipanga, kwa mfano, wiki ijayo.

Bubukan aliendelea kusokota uzi wake.

"Wiki ijayo haiwezekani," alisema. "Sufu yote iko kazini. Sifi mpaka mwezi wa tano, na Mei kuna maziwa mengi, nani ana nafasi."

Melis alicheka, kisha akajificha uso kwa kiganja, na mabega yakaendelea kutikisika baada ya kicheko kuisha. Mama yake alimwacha. Alimsogezea Uulkan bakuli lake tupu, na Uulkan akalimiminia chai.

Kisha Uulkan akachukua ndoo akasema anakwenda kuongeza makaa. Makaa hayakuhitajika, ila alitaka kufuta macho yake peke yake. Nje jua lilikuwa kali na hewa inauma puani. Aliinua macho kwenye paa lake. Yule kunguru alikuwa amerudi, amesimama kwenye theluji, anainua mguu mmoja, anaushusha, anainua mwingine. Alivumilia kidogo. Halafu akaruka, akavuka nyua mbili, akatua kwenye bati jeusi la yule mwanamke aliyeleta ndoo, na kesho yake baada ya zamu Uulkan akamwendea mwanamke huyo na ngazi ya kupandia darini.